Kuinua Kebini ya Hilux Nyuma ya Ndia Kuu: Mafunzo Niliyopata

Pikapu ilikuwa ya marehemu mjomba. Ni Hilux ya kizazi cha pili, ile iliyoundwa kati ya 1972 na 1978, yenye injini ya petroli ya 12R ya sentimita za ujazo 1,587, na namba yake haina herufi ya mwisho. Mjomba aliitumia kubebea samaki miaka na miaka, barafu ikiyeyuka na kuchuruzika na maji yake ya chumvi hadi chini ya bodi. Kwa macho ya mpita njia bado ilikuwa nzima. Fundi wa kwanza kulala chini yake alitoka na ushauri unaosikika katika gereji nyingi za kisiwa hiki cha Mombasa: tuchomelee viraka, tupake rangi nyeusi, itapita. Itapita wapi, hakusema.

Nikaamua kuitoa kebini yote hapahapa mtaani, kwenye kiwanja kilichobaki baada ya nyumba ya kale kubomoka, nyuma ya barabara ya Ndia Kuu katika Mji wa Kale.

1. Kutu ya Mombasa hukaa pale usipopaona.

Kusi na Kaskazi hugawana mwaka, na pepo zote mbili hupitia baharini kabla ya kutufikia. Chumvi inayoletwa hunyonya unyevu wa hewa, kwa hivyo bati hubaki na utando wa maji hata siku isiyo na tone la mvua, na maji ya chumvi hula chuma upesi kuliko maji matupu. Penye jua na upepo utando ule hukauka. Pasipokauka ni baina ya kebini na chasisi: kwenye mipira inayokaliwa na kebini, ndani ya kizingiti cha mlango, juu ya mikono ya chuma inayotoka ubavuni mwa chasisi.

Oili chafu ambayo wengi wetu hupaka chini ya gari husaidia inapofika. Hapo haifiki. Na kiraka kinachochomelewa kutoka chini hushikana na bati ambalo upande wake wa juu hakuna aliyeuona tangu kiwandani. Kwa gari la pwani la umri huu, mbali na kuinua kebini, sijui njia nyingine ya kujua kama una chasisi au una picha ya chasisi.

2. Pima ndia kabla ya kupima gari.

Bahati yetu ilitoka Japani. Sheria ya huko iliweka tabaka la magari madogo yasiyozidi upana wa mita 1.7, urefu wa mita 4.7 na injini ya lita 2, nayo yakatozwa kodi nafuu. Viwanda vikajenga kwa kipimo hicho, na Hilux za zama zile zikabaki nyembamba. Aliyeipanga sheria ile hakuwa na habari na vichochoro vya Kibokoni, lakini alitufaa.

Hata hivyo gari kupita barabarani ni jambo moja, na kebini iliyobebwa na watu pande mbili ni jambo jingine. Nilikata fito kwa upana wa kebini pamoja na mikono ya wabebaji, nikaipitisha kila kona kutoka kiwanjani hadi stoo niliyoazimwa. Ukuta si tatizo. Tatizo ni vibaraza, ngazi za milango na mabomba ya maji yaliyowekwa juu juu. Mzee mmoja aliyekuwa akininyemelea kwa macho kutoka barazani mwake alinipa hukumu kabla sijamaliza: "Chapita, mwanangu. Lakini pale kwenye mlango wa njumu, geuzani ubavu." Ilikuwa kama alivyosema.

3. Andika kazi ya waya, usiandike rangi yake.

Picha za simu zinasaidia, ila baada ya miaka arubaini na ushei ya joto la Mombasa kila waya ni wa hudhurungi. Funga utepe wa karatasi ncha zote mbili na uandike: taa ya breki, honi, kipimo cha petroli. Nyaya za ziada zilizoongezwa na mafundi wa redio zilikuwa nyingi kuliko za kiwanda, na nusu yake hazikuelekea popote. Hizo nilizikata bila kuaga.

4. Kuinua ni kazi ya alasiri moja. Kufungua ndiyo kazi.

Betri hutangulia. Kisha maji ya rejeta, rejeta yenyewe, boneti, grili na madigadi ya mbele, maana ukiyaacha kebini inazidi uzito upande mmoja na huoni bolti za mbele. Halafu unaingia kwenye vitu vidogo vinavyounganisha kebini na kila kilicho chini yake: paipu za breki na za klachi, waya wa spidomita, waya wa akseleta, kebo ya hendibreki, gia, ethi ya injini. Ethi ndiyo husahaulika kuliko vyote. Ni kipande cha waya mnene tu, lakini kina nguvu ya kuzuia kebini isipande upande mmoja huku watu sita wakitazamana.

Usukani unataka kuchunguzwa mapema. Katika baadhi ya magari ya zamani, fimbo ya usukani na boksi lake lililofungwa kwenye chasisi ni kitu kimoja kisicho na kiungo katikati. Ukikuta hivyo, ama unafungua boksi, ama unaiinua kebini kwa mshazari ili fimbo itoke kwenye tundu lake. Jambo hilo huamua nafasi unayohitaji mbele ya gari, na kiwanjani kwangu mbele palikuwa na ukuta wa watu.

Mafuta ya breki yanakula rangi kama hayana haya, basi weka bakuli na matambara kabla ya kugusa nati yoyote. Nati hizo ni laini. Spana ya kawaida huziviringisha kona. Ipo spana maalumu inayoikumbatia nati karibu pande zote, na aliye nayo mtaani haiazimi kirahisi. Mimi nilikata paipu kuukuu zote kwa msumeno. Breki za gari lililokaa na chumvi muda huo zinastahili paipu mpya, kwa hiyo sikuona cha kuokoa.

5. Bolti husikiliza subira, na baadaye grenda.

Wiki nzima kabla ya kuzigusa nilikuwa nikizimiminia mafuta ya kulainisha kutu asubuhi na jioni. Fundi niliyemwita, mtu wa Shimanzi wa maneno machache, alinifundisha jambo ambalo sasa nalifanya kwa kila nati: usianze kwa kufungua, anza kwa kukaza. Kaza kidogo, usikie kutu ikikatika, ndipo urudi nyuma, kisha mbele tena, huku na huku. Anayevuta upande mmoja kwa bomba refu hukata bolti.

Za nyuma zilitoka kwa njia hiyo. Za mbele hazikutoka, na sababu ni wazi ukitazama: magurudumu ya mbele huzirushia maji na mchanga kila safari. Zaidi ya hayo, nati za kule juu zimefungiwa ndani ya bati la kebini, na bati likilika, nati huzunguka pamoja na bolti. Hapo unaweza kusukuma spana mpaka Idi. Wengine huwasha gesi. Sisi tulikataa, kwa kuwa juu ya ile nati kuna lami ya kuzuia kelele na chini yake kuna mpira, na vyote viwili hupenda moto. Fundi alikata kidirisha kidogo sakafuni, akaibana nati kutoka juu, na bolti iliyozidi ukaidi akaikata kichwa.

Bolti mpya ni rahisi kupata, ila soma kichwa chake. Iliyopigwa chapa 8.8 ndiyo ya kazi hii. Ya 4.6 ifungie mlango wa kuku.

6. Funga mwili kabla ya kuulegeza.

Vizingiti vya milango vikishaoza, kebini hushikiliwa na paa na nguzo zake tu. Ukiinyanyua hivyo, inakunjika kwa kiasi usichokiona kwa jicho, nawe utakigundua siku milango itakapokataa kufunga. Kabla ya kutoa mlango hata mmoja tulichomelea vyuma vya mraba kukatiza uwazi wa kila mlango, na kimoja kutoka ubavu hadi ubavu. Nilipima pembe kwa pembe na kuandika vipimo ndani ya paa kwa kalamu ya rangi. Fundi aliona ni kupoteza vyuma. Nilimwambia vyuma ni vyangu.

7. Usitundike chochote kwenye nyumba ya kale.

Kijana mmoja alileta cheni ya kuinulia injini na kupendekeza tuifunge kwenye boriti za nyumba jirani iliyobaki bila watu. Kuta zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na vyumba vya nyumba za kale huwa vyembamba, chini ya mita tatu, kwa sababu boriti ya mkoko haifiki mbali zaidi. Boriti hizo zilipangwa kwa karibu ili zigawane uzito wa sakafu. Ukiupachika uzito wote kwenye moja, unacheza na ukuta ambao Makumbusho ya Taifa na wenye mtaa wamekuwa wakiulinda kwa tabu.

Boriti tulizitumia kwa njia nyingine. Tulishaondoa bodi ya nyuma, na hilo ni sharti, kwani injini iko mbele ya kebini: chasisi haina budi kutoka kwa kwenda mbele, na bodi ingegonga mgongo wa kebini. Tukapandisha kwa jeki, inchi mbili upande huu, inchi mbili ule, tukitia magogo kila hatua, mpaka tukapata nafasi ya kupenyeza boriti mbili ndefu chini ya kebini, moja mbele na moja nyuma. Ncha zake zilikaa juu ya vyuma vya mafundi wa rangi, nje ya upana wa magurudumu na juu kuliko matairi ya nyuma. Kisha tukaisukuma chasisi mbele, polepole, ikatoka na injini yake chini ya kebini iliyobaki hewani.

Kwa boriti zizo hizo watu sita wakaibeba mabegani hadi stoo, kama jeneza, na bibi mmoja dirishani akauliza ni nani aliyefariki. "Hilux, bibi," akajibiwa. Akasema Mola aipe subira familia.

8. Saa za kelele si zako.

Grenda hunyamaza kwa adhana, hunyamaza watoto wakiwa chuoni, na baada ya chakula cha mchana huwa haina ruhusa kabisa. Nilikuwa na hofu kwamba kazi itachelewa. Haikuchelewa kwa chochote cha maana, na yule jirani ambaye ningemuudhi ndiye aliyetupa umeme wa kuchomelea.

9. Namba ya chasisi isiguswe na mashine.

Chasisi ikishakaa wazi kila mtu anatamani kuisugua ing'are. Namba iliyopigwa kwenye chuma ndiyo inayolinganishwa na logibuku, na ukiisaga unabaki na gari ambalo huna njia ya kuthibitisha ni lako. NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, wakikuita kwa ukaguzi, hutakuwa na la kuonyesha. Namba hiyo niliisafisha mwenyewe kwa brashi ya waya ya mkono na mafuta ya taa, herufi moja baada ya nyingine, nikaipiga picha kando ya logibuku, nikaipaka grisi na kuifunika kwa kipande cha tyubu.

Ndipo tukaigonga chasisi kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma. Ililia vizuri kote isipokuwa mahali pawili, pote pawili chini ya mipira ya mbele ya kebini, ambapo nyundo ilizama. Fundi aliyetaka kuweka viraka alipita jioni ile, akachungulia, akauliza kama anaweza kupata kazi ya kuchomelea vipande vipya. Nilimpa, kwa masharti kwamba akate mpaka afike chuma kizima.