Mtihani wa GRE Hauna Pasti Pepa

Kijitabu cha elimu kwa umma kwa wanaojiandaa kuomba shahada za uzamili na uzamivu Marekani

Kijitabu hiki kimetolewa kwa sababu watu wanaibiwa. Malalamiko yanayofika katika ofisi iliyotoa kijitabu hiki yanafanana mno. Mhitimu wa chuo kikuu anataka kusoma uzamili Marekani, anaambiwa idara anayoitaka inadai alama za GRE, anaunganishwa kwenye kundi la WhatsApp, na kabla wiki haijaisha ameshamtumia pesa kwa simu mtu asiyemjua ili apewe "maswali yenyewe". Anacholetewa ni faili la kurasa zilizopigwa picha kwa simu, nyingine zimepinda, majibu yamezungushiwa kalamu nyekundu. Siku ya mtihani inafika, na hakuna hata swali moja aliloliona humo.

Ofisi imeshalisema jambo hili mara nyingi. Inalisema tena hapa, na litarudiwa kabla kijitabu hakijaisha: hakuna mtu anayeuza maswali ya GRE utakayofanya wewe. Anayesema anayo ni tapeli. Kama kweli ameiba maswali ya mtihani, basi ni mwizi, na mnunuzi ameingia naye kwenye kesi.

Mazoea ya miaka mingi

Tusiwaite wanunuzi wajinga. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki amekua akisolvu pasti pepa. Kidato cha nne na cha sita, karatasi za miaka ya nyuma hubanwa pamoja, zikapita mkono kwa mkono, na mwalimu wa twisheni anajua mada ipi haikosi kila mwaka. Njia hiyo imewavusha wengi, na haina ubaya wowote pale baraza la mitihani linapotoa karatasi moja kwa nchi nzima siku moja.

GRE haiendeshwi hivyo. Wenyewe ni ETS, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 1947, na mtihani hufanyika kwa kompyuta kwa tarehe nyingi katika mwaka. Maswali huchotwa kwenye hazina kubwa, hivyo watu wawili walioketi kituo kimoja hawategemei kukutana na karatasi ileile. Kuna jingine ambalo wauzaji hawalitaji kamwe: ugumu wa sehemu ya pili ya maswali ya lugha hutegemea mtu alivyofanya sehemu ya kwanza. Aliyefanya vizuri huletewa magumu zaidi. Karatasi ya aina hiyo mtu ataiuzaje mapema, ilhali hata mtahiniwa mwenyewe bado hajaisababisha?

Wizi wa maswali umewahi kutokea, na mwisho wake unajulikana. Mwaka 2002 ETS iligundua kwamba watahiniwa wa China, Taiwan na Korea Kusini walikuwa wakikariri maswali ya GRE wakiwa chumbani, kisha kuyaweka kwenye tovuti ili wenzao wayakute. Mtihani wa kompyuta ukasimamishwa katika maeneo hayo na watu wakarudishwa kwenye karatasi. Walioumia zaidi ni wale ambao hawakuiba chochote, kwa kuwa vyuo vilianza kuzitilia shaka alama zote zinazotoka huko.

Mwaka 2008 ikawa zamu ya GMAT, mtihani wa wanaoomba shule za biashara. Tovuti iliyoitwa Scoretop ilikuwa inauza maswali yaliyokuwa bado yanatumika. Waendeshaji wa GMAT walishinda kesi mahakamani, mwenye tovuti akaamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 2, na diski ya kompyuta ikachukuliwa. Humo ndimo yalimokutwa majina ya wateja. Watahiniwa 84 walifutiwa alama zao na vyuo vikajulishwa. Baadhi yao huenda walidhani kulipia uanachama wa tovuti ni sawa na kununua kitabu dukani.

Ofisi inaomba habari hiyo ya diski isomwe mara mbili. Muamala wa simu nao una kumbukumbu.

Insha za kukaririshwa

Sehemu ya insha ina mtego wake, na ndiyo inayoitia ofisi wasiwasi kuliko zote kwa sababu wengi hawajui kama ni kosa. Mtahiniwa hupewa hoja moja na dakika 30 za kuandika msimamo wake. Orodha nzima ya hoja zinazoweza kutoka ETS imeiweka wazi kwenye tovuti yake, bure, mtu yeyote aisome. Hilo ni halali kabisa. Vishoka wameichukua orodha hiyohiyo, wakaandikisha insha nzima kwa kila hoja, na wanaziuza kwa mafungu zikiwa na ahadi ya "alama za uhakika".

Kinachofuata ni hesabu rahisi. Insha moja ikiuzwa kwa watu wengi, itaandikwa na watu wengi. ETS ina programu inayolinganisha kila insha na zilizoandikwa na wengine pamoja na maandishi yaliyokwisha kuchapishwa. Mfanano ukizidi, alama hufutwa: za insha, za lugha na za hesabu, zote kwa pamoja. Ada hairudishwi, na ada yenyewe inazidi dola 200. Aya moja ya utangulizi uliyofundishwa na mwalimu wa twisheni, ikiwa ameifundisha darasa zima neno kwa neno, inaweza kukuletea matatizo hayo. Andika insha mbovu yako. Hata ikipata 3 kati ya 6, imepata.

Kagua kitabu kabla ya kulipa

Stesheneri nyingi karibu na vyuo zinauza vitabu vilivyodurufiwa, na vingi vimeachwa nyuma na mtihani wenyewe. Hakuna haja ya kuangalia mwaka wa kuchapishwa, ambao mara nyingi umekatika kwenye fotokopi. Fungua ndani. Ukikuta maswali ya kutafuta kinyume cha neno, au ya aina ya "hiki kwa kile ni kama kile kwa hiki", rudisha kitabu kwenye rafu: yaliondolewa mwaka 2011. Ukikuta alama zinahesabiwa kutoka 200 hadi 800, rudisha, maana tangu mwaka huohuo alama za lugha na za hesabu huanzia 130 na kuishia 170. Kikisema mtihani una insha mbili na unachukua karibu saa nne, ni cha kabla ya Septemba 2023. Siku hizi insha ni moja na mtihani wote unakwisha kwa saa 1 na dakika 58. Cha namna hiyo unaweza kukitumia kwa kusoma vifungu vyake, lakini usijipime muda nacho.

Wa GMAT wana kipimo chao. Kitabu chenye maswali ya kusahihisha sentensi ni cha toleo lililokoma Januari 2024, na alama za toleo la sasa zote huishia na tarakimu 5, kutoka 205 hadi 805.

Sarufi ilikokwenda

Hapo ndipo swali huulizwa kwenye kila semina ya ofisi hii: ikiwa maswali ya sarufi yameondolewa GMAT, hayamo GRE, na hata TOEFL, mtihani wa kupima Kiingereza cha wageni, iliyaacha ilipoanza toleo la intaneti mwaka 2005, sarufi ya nini? Jibu ni kwamba sarufi imehamia kwenye usomaji. Karibu nusu ya maswali ya lugha ya GRE yanatokana na vifungu, na vifungu hivyo vimejaa sentensi za aina hii, iliyotungwa kwa ajili ya kijitabu hiki:

"The claim that the railway, which planters had opposed for decades, ruined the coastal trade rests on a single letter."

Msomaji mwenye haraka huokota reli, huokota biashara ya pwani, huokota "ruined" katikati, akaondoka na habari kwamba reli iliua biashara. Sentensi haisemi hivyo. Kiima chake ni "claim" na kitenzi kikuu ni "rests", na kati ya viwili hivyo wamesimama wakulima wa mashamba makubwa, miongo ya upinzani na kishazi kizima cha reli. Mwandishi anasema kwamba dai hilo limeegemea barua moja tu, kwa maneno mengine analitilia shaka. Katika majibu matano ya kuchagua, lile linalosema reli iliua biashara litakuwepo, limewekwa makusudi.

Mzungumzaji wa Kiswahili ana sababu ya kujikwaa hapa. Lugha yake imemzoesha vibaya kwa wema: dai "linategemea", reli "iliua", na kiambishi kimeshamwonyesha nani kafanya nini hata sentensi ikiwa ndefu kama treni ya mizigo. Kiingereza kinampa "s" moja mwishoni mwa kitenzi, basi, na wakati mwingine hata hiyo haipo. Kwa hiyo zoezi linalofaa ni hili. Chukua aya moja ya makala ya kitaaluma. Kwa penseli, funga kwenye mabano kila kishazi kinachoanza na "which", "that" au "who", pigia mstari kiima na kitenzi kikuu vilivyobaki, kisha funika karatasi na useme kwa sauti, kwa Kiswahili, mwandishi anadai nini. Ukishindwa kusema, hujasoma, hata kama kila neno unalijua.

Aina nyingine ya swali humpa mtahiniwa maneno sita na kumtaka achague mawili yanayokamilisha sentensi kwa maana moja. Mfano, nao umetungwa hapa: "Although the committee praised the survey, its remarks about the methods were far from ______." Kati ya maneno sita yamo "harsh" na "critical", na yamo "flattering" na "complimentary". Wengi huona "although", wakajua mambo yanageuka, wakachukua mawili ya ukali. Wamesahau kwamba "far from" imeshageuza. Jibu ni yale ya sifa. Aliyepata moja kati ya mawili hapewi kitu.

Makala za kufanyia zoezi zipo bila kununua. Tovuti ya makala za kitaaluma ya JSTOR humruhusu aliyejiandikisha kusoma makala kadhaa kila mwezi bila malipo, na maktaba za vyuo vikuu hazijafungwa. Changanya historia, biolojia, uchumi na sanaa, hasa zile unazozikimbia. Kwa kujipima, ETS yenyewe hutoa mitihani miwili kamili ya bure kwenye kompyuta, inayoitwa POWERPREP. Hiyo ndiyo pasti pepa pekee inayostahili jina hilo, na inasikitisha kwamba watu hulipia faili la picha wakati hii haijaguswa. Fanya mmoja mwanzoni kabisa ujue ulipo, wa pili uweke hadi mtihani ukaribie. Kaa na saa: kwa sehemu mbili za lugha, maswali 12 kwa dakika 18, kisha 15 kwa dakika 23. Lililokushinda liwekee alama urudi, na usiache lolote wazi, kwa kuwa jibu baya halikatwi alama.

Masharti ya kujiandikisha yamo kwenye tovuti ya ETS na hayatarudiwa hapa, isipokuwa machache. Vyuo vingi vimeacha kudai GRE tangu 2020, kwa hiyo uliza idara yako kabla ya kulipa. Alama hudumu miaka mitano. Kurudia kunaruhusiwa baada ya siku 21, si zaidi ya mara tano ndani ya miezi 12. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Anayejiita kwa jina la babu nyumbani huku pasipoti inasema lingine atarudishwa mlangoni na ada imekwenda.

Aliyekwisha kutapeliwa afike ofisini siku yoyote ya kazi. Huduma ni bure. Aje na namba iliyopokea pesa, ujumbe wa muamala, na mazungumzo ya WhatsApp yakiwa bado kwenye simu. Faili la maswali alilouziwa asilitume kwa mtu mwingine yeyote, hata kwa nia ya kumwonya.