Leza inayoyumba na atomu

Swali: Leza mbili zina wastani sawa wa ukali, moja imetulia, nyingine inapanda na kushuka ovyo. Mbona ya pili hung'oa elektroni nyingi zaidi?

Jibu: Vilele ndivyo vinavyofanya kazi. Fotoni moja ya leza fulani ya infraredi ni dhaifu mno kung'oa elektroni ya atomu ya zenoni. Zinahitajika 11 kwa mpigo. Ukali wa mwanga ukiongezeka maradufu, uwezekano wa tukio hilo huongezeka mara 2,048. Kwa hiyo kilele kifupi hufidia vipindi vyote hafifu, tena kwa ziada kubwa. Watafiti wa Saclay, Ufaransa, walilithibitisha miaka ya 1970: ioni, yaani atomu zilizong'olewa elektroni, ziliongezeka mamilioni ya mara. Ukipima leza kali, usiridhike na wastani. Pima na myumbo wake.