Kwa Nini Makinda wa Tai Hawalingani? Mafunzo kutoka Kiota chenye Kamera

Tai kichwa-cheupe, ambaye wataalamu humwita Haliaeetus leucocephalus, ni ndege wa Amerika Kaskazini. Makazi yake ni kando ya maziwa, mito na pwani, na chakula chake kikuu ni samaki. Yeyote aliyewahi kumwona furukombe akinyakua samaki katika Ziwa Naivasha au Ziwa Viktoria hatapata shida kumtambua, kwa kuwa ndege hawa wawili ni jamaa wa karibu na wote wana kichwa cheupe. Huyu wa Amerika ni mkubwa zaidi. Mabawa yake yakikunjuliwa hufikia meta 2 hivi. Kiota chake ni lundo la vijiti juu ya mti mrefu, na jozi ile ile huliongezea vijiti mwaka hadi mwaka.

Zamani mtafiti aliyetaka kujua yatendekayo humo hakuwa na budi kuukwea mti. Kwa kukwea tu aliwafukuza wazazi, na hivyo akawa anachunguza kiota alichokwisha kukivuruga mwenyewe. Kamera inayofungwa kabla ya msimu wa kutaga imepunguza sana tatizo hilo, kwani hutazama mchana na usiku bila mtu kusogea.

Kiota kimojawapo chenye kamera kiko katika bonde la Big Bear, jimbo la California, Marekani, juu ya msonobari, mahali palipo zaidi ya meta 2,000 kutoka usawa wa bahari. Mwaka 2025 jike wa kiota hicho alitaga mayai 3: tarehe 22, 25 na 28 Januari. Kinda wa kwanza alianguliwa usiku wa tarehe 3 Machi, wa pili alfajiri ya tarehe 4, na wa tatu tarehe 8. Tarakimu hizi chache zinastahili kuandikwa ubaoni na kutazamwa kwa makini. Mayai mawili ya kwanza yaliachana kwa siku 3 yalipotagwa, lakini makinda wake waliachana kwa saa chache tu. Yai la tatu nalo lilitagwa siku 3 baada ya la pili, lakini kinda wake alichelewa siku 4. Je, siku hizo zilikwenda wapi?

Jibu linaanzia kwa kuku. Kuku wa kienyeji hutaga yai moja moja kwa siku nyingi bila kuyaatamia. Kiinitete kilichomo ndani ya yai hakiendelei kukua barabara mpaka kipate joto la mama, kwa hiyo yai la kwanza husubiri. Kuku akishatimiza mayai yake ndipo hulala juu yake mfululizo, na baada ya siku 21 hivi vifaranga hutoka karibu wote pamoja. Jambo hili lina maana kubwa kwake, kwa kuwa kifaranga wa kuku hutembea na kudonoa muda mfupi tu baada ya kutoka, na mama hawezi kuongoza nusu ya watoto huku akiatamia nusu nyingine.

Tai hafanyi hivyo. Huanza kuatamia kabla ya mayai kutimia, ingawa mwanzoni aghalabu huatamia kwa vipindi tu. Ndiyo sababu yai la kwanza la Big Bear lilisubiriana na la pili. La tatu lilikuta joto limekwisha kukolea juu ya wenzake, likaachwa nyuma.

Siku 4 kwa kinda wa tai si jambo dogo. Hutoka yaini akiwa na uzito wa gramu 100 hivi, hawezi kusimama wala kujipasha joto. Kwa siku kumi za kwanza na zaidi hutegemea kifua cha mzazi, mpaka aote manyoya laini ya pili, ya kijivu kilichokoza. Kisha ukuaji huenda mbio: kinda huweza kuongeza zaidi ya gramu 100 kwa siku moja. Miguu hutangulia kukomaa, manyoya ya mabawa hufuata, na baada ya wiki 10 hadi 13 kinda huruka akiwa na kilo kadhaa. Katika mwendo wa namna hiyo, aliyetangulia kwa siku chache huwa na shingo ndefu na mdomo wenye nguvu kuliko mdogo wake, naye ndiye hufikiwa na chakula kwanza.

Mtaalamu wa ndege wa Uingereza, David Lack, alitoa maelezo yanayojulikana sana kuhusu jambo hili. Kwa maoni yake, mzazi hawezi kutabiri wingi wa chakula. Chakula kikiwa tele, wote hukua. Kikiwa haba, mdogo hufa mapema na wakubwa hupona, badala ya wote kudhoofika kwa pamoja. Wengine husema kuwa kuatamia mapema hulinda mayai yasigande kwa baridi au kuibwa na kunguru. Katika mlima wenye theluji mwezi Januari, hoja hiyo ya pili haipuuziki.

Ugomvi wa makinda pia hutofautiana. Kwa tai mweusi wa majabali anayewinda pimbi, yule wa Afrika, kinda mkubwa karibu daima humwua mdogo wake. Kwa tai kichwa-cheupe, madonoano ni ya kawaida lakini mara nyingi wote huishi. Mtazamaji asiyezoea huhesabu madonoano. Mzoefu hutazama gole, yaani kile kifuko cha kooni kinachopokea chakula, kwa kuwa gole lililojaa huonyesha kwamba hata aliyedonolewa amekula.

Usiku wa kuamkia tarehe 14 Machi 2025 theluji ilipiga Big Bear, na kulipokucha kinda mmoja alikuwa amekufa. Watazamaji wengi walihuzunika. Katika visa vya namna hii husikika swali: kwa nini watu wasipande kuwasaidia? Wasimamizi wa viota vya namna hii kwa kawaida hawaingilii mambo ya asili, na kupanda mti usiku wa dhoruba kungewaondoa wazazi juu ya makinda waliobaki. Wawili hao waliruka mwezi Juni.

Hata hivyo kamera haisemi yote. Mwaka 2024 mayai 3 ya kiota hicho hicho hayakuanguliwa hata moja. Picha zilionyesha wazazi wakiatamia kwa bidii, sababu hazikuionyesha. Wala kiota kimoja hakitoshi kuamua baina ya Lack na wapinzani wake.

Zoezi kwa darasa: Chagueni kuku mmoja anayetaga. Andikeni kwa penseli tarehe juu ya kila yai, siku aliyoanza kulala mfululizo, na saa ambayo kila kifaranga ametoka. Chora jedwali la tarehe hizo kando ya zile za Big Bear, kisha ueleze ni yai lipi la kuku lilisubiri muda mrefu zaidi.