Somo la 31: Mtoto wa Sokwe

Tuseme leo unatoka shuleni, hapa Koni, unafuata njia kandokando ya mto Lufira. Mtu mgeni anakuita. Ana kikapu kilichofunikwa kitambaa. Anakifunua. Ndani amelala mtoto wa sokwe, mwembamba sana, amefungwa kamba kiunoni. Mgeni asema: "Mwambie baba yako amnunue. Asipomnunua, atakufa."

Moyo wako unaumia. Utafanya nini? Ngoja kidogo. Tuulize kwanza: mama yake yuko wapi?

Pori letu la Lufira si makao ya sokwe. Wao hukaa katika misitu iliyo mbali, kaskazini na mashariki ya Kongo. Huko mtoto hunyonya muda wa miaka 4 au 5, naye hubebwa na mama yake. Mama hakubali kumwacha. Kwa hiyo mwindaji anayetaka mtoto humwua mama kwanza. Sokwe wengine wakija kumtetea, nao huuawa. Nyama yao huuzwa, na mtoto hutiwa kikapuni.

Basi, fikiri. Baba akitoa faranga, mtoto huyu ametoka kikapuni. Lakini mgeni atarudi kwa mwindaji na kumwambia: "Nimepata wanunuzi. Lete mwingine." Hapo mama mwingine atauawa. Fedha ya huruma imenunua risasi.

Sheria ya Kongo inamlinda sokwe: ni marufuku kumwua au kumfanyia biashara. Usimguse, maana mafua na kikohozi chetu humwambukiza, na magonjwa yake yanaweza kutupata sisi. Mwambie upesi mzazi au mwalimu. Yeye atapeleka habari kwa ICCN, ofisi ya serikali inayolinda wanyama wa pori. Wakubwa watamnyang'anya mgeni yule mtoto, wala hawatamlipa kitu.

Halafu atapelekwa wapi? Mjini Lubumbashi, katika bustani ya wanyama, kuna kituo kinachoitwa J.A.C.K. Kilianzishwa mwaka 2006 na Bwana Franck Chantereau na mke wake Roxane, ili kupokea sokwe walionyang'anywa wauzaji. Mtoto akifika hutengwa kwanza, apimwe magonjwa. Hupewa maziwa kwa chupa. Mlezi humbeba kama mama. Akipata nguvu, huwekwa pamoja na wenzake, ajifunze tena kuwa sokwe.

Labda utauliza: "Akipona, naweza kupewa nimlee nyumbani?" Hapana. Mtoto wa mbwa aliyeachwa njiani unaweza kumlea, wazazi wakikubali, naye akidungwa sindano ya kuzuia kichaa cha mbwa. Mbwa amezoea kukaa na watu tangu zamani sana. Sokwe sivyo. Akikua, ana nguvu kushinda mtu. Huuma na kuvunja vitu. Ndipo watu humfunga mnyororo, naye anaweza kuishi miaka 50.

Mwezi wa Septemba 2022 wezi waliingia usiku katika kituo cha Lubumbashi, wakaiba watoto watatu wa sokwe. Kisha wakadai fedha nyingi. Walezi waliwapenda watoto wale kama watoto wao, hata hivyo walikataa kulipa. Walijua kwamba wezi wakilipwa leo, kesho watarudi kuiba tena. Uchungu wao ulikuwa mkubwa, lakini waliwafikiria na wale waliobaki.

Watoto, kuhurumia ni vema. Lakini mwenye huruma atazame pia nyuma ya kikapu.

MAULIZO

1. Kwa nini mwindaji humwua mama wa sokwe?
2. Mtu akinunua mtoto wa sokwe, nini hufuata baadaye?
3. Eleza tofauti ya kumlea mbwa na kumlea sokwe.
4. Kwa nini walezi wa Lubumbashi walikataa kuwalipa wezi?
5. Mgeni mwenye kikapu akikuita njiani, utafanya nini? Andika maneno sita au saba.