Joto la Vifaranga: Mambo ya Kuzingatia kwa Wanunuzi wa Uwanda wa Makonde

Malipo ya korosho yanapoingia, kaya nyingi za Masasi, Newala na vijiji kama Mkunya huelekeza sehemu ya fedha hizo katika ununuzi wa vifaranga wa siku moja. Boksi hushushwa kwenye basi, mnunuzi huhesabu vichwa, hudai stakabadhi na kumbukumbu ya chanjo, kisha hurejea nyumbani akiamini kuwa sehemu ngumu ya biashara imekwisha. Hata hivyo, kitu ambacho vifaranga hao watakihitaji kuliko vyote katika juma la kwanza hakimo ndani ya boksi, nacho ni joto. Nalo lina bei yake, tena lisiposimamiwa vema huweza kuwadhuru watu wa nyumba kabla ya kuwadhuru kuku.

Kuku mkubwa hudumisha mwili wake katika nyuzi joto 41 hivi. Kifaranga hana uwezo huo bado. Manyoya yake laini hayazuii baridi, na kwa siku za mwanzo hutegemea joto la nje, karibu kama nyoka anavyolitegemea jua. Wanaofuga nyoka katika masanduku ya kioo huko Ulaya hupasha joto upande mmoja tu wa sanduku, ili mnyama mwenyewe asogee au ajitenge kadiri mwili wake unavyotaka. Mama kuku hufanya vivyo hivyo bila kufundishwa: chini ya mbawa zake pana joto, hatua moja mbele pana baridi, na kifaranga huchagua. Kwa hiyo, kinengunengu chako kiwe na chanzo cha joto katikati na nafasi ya kukikimbia pembeni. Kwa vifaranga 50, duara la hadubodi lenye kipenyo cha mita 1.2 na kimo cha sentimita 45 linatosha kwa juma la kwanza. Baada ya hapo lipanuliwe.

Kiwango kinachokubalika ni nyuzi 32 hadi 35 katika juma la kwanza, kisha kupunguza nyuzi 3 hivi kila juma hadi kufikia 21 au karibu yake. Lakini kiwango ni kimoja, mahali si pamoja. Masasi, iliyo chini kati ya milima yake ya mawe, mchana wa Novemba huenda usihitaji kuwasha chochote. Mkunya, juu ya uwanda, usiku wa kipupwe mwezi Juni au Julai ni jambo jingine kabisa. Aliyelea kundi lake la kwanza msimu wa korosho na kufanikiwa asidhani kwamba utaratibu uleule utamfaa katikati ya mwaka. Wakati wa kukagua ni saa 10 alfajiri, baridi inapofikia ukali wake, wala si saa 2 usiku unapokwenda kulala.

Nunua kipimajoto. Ukiwa dukani, omba vitatu vitundikwe pamoja kwa dakika kumi. Kinachotofautiana sana na wenzake kiache. Nyumbani kitundike usawa wa mgongo wa kifaranga, sentimita 5 juu ya maranda, kwenye ukingo wa eneo lenye joto. Kikiwekwa ukutani usawa wa macho yako, kitakueleza habari zako wewe, si za vifaranga. Kisha watazame wenyewe. Wakirundikana chini ya taa huku wakilia kwa sauti kali, wana baridi, na walio chini ya rundo watakosa hewa na kufa. Wakiambaa na ukingo wakitweta na mbawa zimeachana, joto limezidi. Wakijikusanya upande mmoja tu, tafuta tundu linalopitisha upepo. Waliotawanyika, wengine wakila na wengine wakisinzia, wapo sawa, hata kama kipimajoto kinasema vingine.

Kuhusu umeme, tahadhari ya kwanza ni dukani: taa za LED na zile za matumizi madogo zimetengenezwa ili zisipoteze nishati kwa njia ya joto, kwa hiyo hazifai kazi hii hata muuzaji akikuhakikishia vipi. Kinachotakiwa ni balbu ya uzi au taa maalumu ya joto. Kadirio linalotumika sana ni wati 2 kwa kifaranga. Vifaranga 100 basi huhitaji wati 200, yaani uniti 4.8 kwa saa 24, na zaidi ya uniti 67 kwa siku 14 ikiwa taa hazizimwi. Kaya iliyo katika kundi la matumizi madogo, ambalo kikomo chake ni uniti 75 kwa mwezi, huenda ikavuka kikomo hicho, na uniti za ziada huuzwa kwa bei kubwa zaidi. Fanya hesabu hiyo kabla ya kuagiza vifaranga. Zima taa mojamoja mchana jua likiwaka. Chagua waya wenye nembo ya ubora ya TBS na holda ya kauri, kwa kuwa ya plastiki huyeyuka, na utundike taa kwa mnyororo au waya wa chuma, kamwe si kwa waya wake wa umeme. Ikianguka juu ya maranda makavu, moto hautachelewa.

Wengi hutumia chungu au jiko la mkaa, na hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Yapo mazoea ya kuwasha mkaa nje mpaka moshi uishe, kisha kuuingiza ndani kwa imani kwamba sasa ni salama. Si kweli. Mkaa mwekundu usio na moshi huendelea kutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo humchukua mtu akiwa usingizini. Vifaranga wa mkaa wasilelewe katika chumba wanacholala watu, wala chumba kinachopakana nacho kwa ukuta usiofika darini. Banda liwe na matundu ya hewa juu, yaliyo wazi usiku kucha. Watu wawili au watatu wa nyumba moja wakiumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kwa wakati mmoja, usiwape dawa za malaria kwa kukisia. Watoeni nje mara moja na muwafikishe kituo cha afya.

Umeme ukikatika usiku, usikimbilie mkaa kwa pupa. Jaza maji ya moto katika madumu mawili ya lita 5, uyafunge vifuniko vizuri, uyazungushie magunia na kuyaweka katikati ya kinengunengu, kisha ufunike sehemu ya juu kwa gunia huku ukiacha nafasi ya hewa. Madumu hayo yatakupa muda wa saa kadhaa. Maji yenyewe, ambayo juu ya uwanda huu si kitu cha kumwaga, yarudishwe sufuriani na kuchemshwa tena.