Mtoto anapepesa macho, anarusha shingo, anaogopa: kisa ni nini?



Kuna swali ambalo sisi wahudumu wa afya wa kujitolea tunaulizwa mara nyingi tukipita nyumba kwa nyumba. Mtoto alikuwa mzima. Halafu siku moja akaanza kupepesa macho bila kupumzika, au kurusha shingo upande mmoja, au kupandisha mabega, au kutoa sauti kooni kama mtu anayetaka kuanza kuimba. Ukimwambia aache, anaacha kidogo, kisha anarudia kwa nguvu zaidi. Pengine na woga umeingia: hataki kulala peke yake, tumbo linamuuma kila asubuhi ya shule, anamfuata mama hadi chooni. Mzazi anauliza: kitu gani kimempata mtoto wangu? Na wengine wanauliza kwa sauti ya chini: nani amemfanyia hivi?

Tumeona vizuri kuandika somo hili. Mimi si daktari, nilimaliza sekondari humu kambini na nikafundishwa kazi hii na wauguzi wa kituo chetu. Nitaeleza kama nilivyoelezwa, pamoja na kosa nililofanya mwenyewe.

Kosa lenyewe ni hili. Mama mmoja alinionyesha kijana wake wa miaka 7 aliyekuwa akipepesa macho. Nilitazama, nikaona vumbi la kiangazi, nikamwambia ni macho tu, aende akachukue dawa ya matone. Dawa ikaisha, kupepesa kukabaki, na sauti ya kooni ikaongezeka. Mama akapita kwa jirani huyu na yule, akaenda chumba cha maombi, akaambiwa afunge siku tatu pamoja na mtoto. Ilipofika zamu ya kumwona muuguzi, miezi minne ilikuwa imepita, na watoto wenzake walikuwa wamekwisha kumtungia jina. Kama ningemuuliza mama maswali matano tu siku ile ya kwanza, mtoto asingezungushwa hivyo. Maswali hayo utayakuta hapa chini.

Jina la jambo hili

Mitikisiko hiyo ya ghafla, mifupi, inayojirudia, waganga huiita tiki. Kuna tiki za mwili (macho, pua, shingo, bega) na tiki za sauti (kukohoa bila kifua, kunusa, kuguna, kutoa neno). Mara nyingi zinaanza mtoto akiwa na miaka 4 hadi 6, zinazidi karibu na miaka 10 hadi 12, kisha kwa wengi zinapungua wanapokuwa vijana. Zinawapata wavulana zaidi kuliko wasichana. Usidhani ni jambo la nadra: hadi mtoto mmoja kati ya 5 wa umri wa shule anaweza kuwa na tiki wakati fulani, na nyingi zinaisha zenyewe kabla mwaka haujaisha.

Mtoto akiwa na tiki kadhaa za mwili na angalau moja ya sauti, na zikadumu zaidi ya mwaka, ugonjwa unaitwa Tourette, kwa jina la daktari Mfaransa Georges Gilles de la Tourette aliyeandika juu ya wagonjwa tisa mwaka 1885. Watu wamesikia kwamba wenye ugonjwa huu hutukana ovyo. Ni wachache tu kati yao wanaotoa matusi, na hao nao hawakusudii.

Jambo moja ambalo wazazi wengi hawalijui: mtoto anasikia tiki ikija. Kabla ya kurusha shingo anasikia mwasho au mkazo ndani, kama wewe unavyosikia chafya inapanda. Anaweza kuizuia dakika chache, lakini lazima itoke. Ndiyo sababu akiwa mbele ya mwalimu anatulia, akifika nyumbani anatikisika mfululizo, na mama anasema: «Ananifanyia makusudi!» Hapana, mama. Kwako ndipo anapojisikia salama kuiachia.

Basi kisa ni nini?

Tiki zinatoka katika sehemu za ndani za ubongo ambazo kazi yake ni kuruhusu au kuzuia miendo. Kwa watoto hawa kizuizi hakishiki vizuri. Mara nyingi ni jambo la ukoo. Muulize bibi, muulize baba mkubwa, utasikia kwamba baba wa mtoto naye alikuwa akikunja pua alipokuwa mdogo, hakuna aliyejali. Uchovu, kukosa usingizi, hasira, hofu, na hata furaha kubwa vinazidisha tiki. Lakini kuzidisha si kuanzisha. Mtoto aliyepita vitani anaweza kutikisika zaidi siku ya kelele, bila vita kuwa ndiyo iliyomtia tiki.

Minyoo je? Tunaambiwa sana habari ya minyoo. Mpe mtoto dawa ya minyoo wakati wa kampeni kama wengine wote, ni nzuri kwa tumbo na kwa damu. Tiki haitaondoka kwa dawa hiyo.

Na uchawi? Hapa nitasema wazi, kwa sababu wengi wetu tumetoka Kongo na tumeona mambo. Mtoto anayetoa sauti asizozitaka, anayekunja uso wakati wa maombi, ni rahisi kuitwa mchawi au mwenye pepo. Tunajua watoto waliofungiwa, waliolazwa njaa, waliofukuzwa nyumbani kwa neno hilo moja. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi. Kumwombea mtoto hakukatazwi na mtu, wazazi wangu ni watu wa maombi. Lakini mtoto asinyimwe chakula, asipigwe, asifungwe, na asicheleweshwe kufika kituoni. Mtu akitaka kumfanyia mtoto wako hivyo, mwambie mhudumu wa afya au wanaoshughulika na ulinzi wa watoto kambini, siku hiyo hiyo.

Koo: hapa tusimame

Nimesema tiki nyingi hazina mkosaji. Lakini kuna ugonjwa mmoja unaofanana na tiki ambao una kisa kinachojulikana, una dawa, na ukiachwa unaweza kuharibu moyo. Kwa sababu ya huo mmoja, kila mtoto anayeanza kutikisika inafaa aonwe.

Mtoto anaumwa koo. Homa, kumeza kwa shida, tezi zimevimba chini ya taya. Anakunywa chai ya tangawizi, anapona baada ya siku kadhaa, mnasahau. Baada ya wiki kadhaa, hata miezi, anaanza kuangusha vitu. Kikombe kinamtoka mkononi. Maandishi yake yanaharibika na mwalimu anamwita mvivu. Mikono na uso vinacheza-cheza bila mpango, si mwendo ule ule unaojirudia kama tiki, bali leo hivi, sasa hivi vile. Anakuwa mtu wa kulia ovyo, kukasirika, kuogopa. Akilala, mitikisiko inakoma. Ugonjwa huu unawapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15, na wasichana kuliko wavulana. Daktari Mwingereza Thomas Sydenham aliueleza mwaka 1686, nao ukabaki na jina lake.

Kinachotokea ni hiki. Koo iliingiwa na vijidudu vinavyoitwa streptokoki. Askari wa mwili walipigana navyo, kisha wakakosea adui wakaanza kushambulia mwili wenyewe: viungo, ubongo, na vali za moyo, yaani vile vilango vinavyopitisha damu. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Mitikisiko mara nyingi huisha ndani ya miezi. Vali ikiisha kuharibika haijirekebishi.

Muuguzi alinifundisha namna mbili za kujaribu nyumbani. Mwambie mtoto akamate vidole vyako viwili na asiachie. Mwenye ugonjwa wa Sydenham atabana, atalegeza, atabana, kama anayekamua ng'ombe. Kisha mwambie atoe ulimi na aubakize nje mpaka uhesabu 10. Ulimi utaingia na kutoka kama wa mjusi. Ukiona hivyo, au ukiona pamoja na mitikisiko mtoto anavimba magoti, anaumwa viungo vinavyohamahama, au anachoka kupumua akitembea, usingoje siku ya kliniki. Nenda siku hiyo.

Tiba yake ni penisilini. Kwanza ya kuua vijidudu vilivyobaki, halafu sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4, kwa miaka, ili koo lisirudie na moyo usiguswe tena. Miaka, wazazi. Tunajua ni vigumu, hasa kwa mtu ambaye hajui mwaka ujao atakuwa kambi gani au nchi gani. Kwa hiyo karatasi ya sindano iwekwe pamoja na karatasi ya usajili ya familia. Mkihamishwa au mkirudi nyumbani, ionyesheni kwenye kituo cha kwanza mtakachofikia.

Na kabla ya yote hayo: mtoto mwenye homa na koo linalouma bila kikohozi wala mafua aletwe aangaliwe. Koo nyingi zinaletwa na virusi na hazihitaji antibiotiki. Ila ikiwa ni streptokoki, penisilini ikianza ndani ya siku 9 tangu ugonjwa kuanza, bado inazuia homa ya baridi yabisi. Vidonge vyake ni vya siku 10. Tusikatishe siku ya tatu kwa kuwa mtoto ameanza kucheza, na tusibakize vidonge kwa ajili ya mdogo wake.

Wazazi wenye ndugu Marekani wamesikia habari nyingine, kwamba koo linaweza kuleta hata tiki za kawaida na wasiwasi wa ghafla. Habari hiyo ina chanzo. Mwaka 1998 daktari Susan Swedo na wenzake huko Marekani waliandika juu ya watoto 50 waliokuwa na tiki, au mawazo na matendo ya kujirudia kama kunawa bila mwisho, yaliyoanza au kuzidi ghafla baada ya streptokoki. Madaktari mpaka leo wanabishana ni watoto wangapi hasa wako hivyo na watibiwe namna gani. Kwetu maana yake ni fupi: ikiwa mabadiliko yalikuja kwa siku moja au mbili, sema hivyo kituoni, na usisahau kutaja koo.

Vitu vingine vinavyochanganywa na tiki

Kifafa. Mwenye tiki anakusikia, anakujibu, anakumbuka. Mwenye kifafa anaweza kukodoa macho, asisikie jina lake, na baadaye asikumbuke. Sehemu za kaskazini ya Uganda, Sudani Kusini na Mahenge, Tanzania, watoto wengi wamepata ugonjwa wa kuangusha kichwa mbele mara kwa mara kama wanaosinzia, hasa mbele ya chakula. Huo ni wa jamii ya kifafa na unaonekana mahali penye usubi, ule ugonjwa wa inzi weusi wa mtoni. Kifafa kina dawa.

Vidonge. Baadhi ya dawa, kwa mfano metoklopramidi ya kuzuia kutapika au haloperidoli, zinaweza kukaza shingo na kupindua macho juu. Mtoto akikumbwa hivyo, mpeleke mara moja, pamoja na vidonge na kikaratasi chake, hata kama ulivinunua sokoni. Hatutakugombeza.

Woga

Watoto wengi wenye tiki wana woga pia, na watoto wengi wa kambini wana woga bila tiki. Mtoto hasemi «nina wasiwasi». Anasema tumbo, anasema kichwa, anakojoa kitandani wakati alikuwa ameacha. Usimlazimishe kusimulia yaliyotokea njiani. Akisimulia mwenyewe, msikilize mpaka mwisho. Kinachomsaidia zaidi ni siku zinazofanana: saa ile ile ya kula, saa ile ile ya kulala, kazi ndogo ya nyumbani, muda wa mpira. Habari za usaili na za kurudishwa makwao wakubwa wazizungumze mbali na masikio yake, kisha mtoto aambiwe kwa maneno mafupi kile kilicho hakika. Mzazi asiyelala kwa mawazo naye aje tuongee, kwa sababu mtoto anausoma uso wa mama kabla hajajua kusoma kitabu.

Kuhusu tiki zenyewe nyumbani, fanya kidogo. Usimwige, usimhesabie, usimwambie «acha!» kila mara. Mwambie mwalimu, ikiwezekana nenda pamoja na mhudumu wa afya, ili mtoto aruhusiwe kutoka nje dakika mbili na asichapwe. Mtoto mkubwa kidogo anaweza kufundishwa kusikia tiki ikija na kufanya mwendo unaoipinga: badala ya kurusha shingo, anashusha kidevu polepole na kukaza kidogo mpaka mwasho upite. Dawa zipo kwa wale ambao tiki zinawaumiza au zinawazuia kusoma, naye daktari ndiye anayeamua.

Uje na nini kituoni

Njoo na mtoto mwenyewe, na majibu ya maswali haya, yaandike hata nyuma ya daftari la shule. Mitikisiko ilianza lini, polepole au ghafla? Aliumwa koo au homa katika miezi sita kabla yake? Ni mwendo ule ule au unabadilika-badilika, na je, anaangusha vitu? Kuna wakati anapotea akili au hakumbuki? Amekunywa dawa gani, za kituo au za kienyeji, na katika ukoo nani aliwahi kuwa hivyo? (Nimehesabu, yanazidi matano. Yaulize tu.)

Yule kijana wa macho aliulizwa yote. Koo hapana, kuangusha vitu hapana, babu alikuwa akiguna vile vile mpaka uzeeni. Ni tiki. Bado anapepesa, zaidi wakati wa mitihani, na mwalimu amemweka dawati la pembeni karibu na mlango. Kabla ya kuandika haya nilimuuliza mama yake kama naweza kusimulia. Akasema niandike, ila niongeze kwamba mtoto ni wa pili darasani.