Nusu Dozi Si Sadaka

Ndugu zangu, muhula uliopita niliugua malaria hapa bwenini. Siku ya pili homa ikashuka, nami vidonge vilivyobaki nikampa ndugu wa chumba cha jirani aliyekuwa akitetemeka. Nilidhani nimetoa sadaka. Baada ya wiki mbili sote wawili tulikuwa zahanati tena. Somo la biokemia ndilo lililonionyesha kosa langu.

Hemoglobini ni protini inayobeba oksijeni katika damu. Ndani yake mna hemu nne, na katikati ya kila hemu imo chembe moja ya chuma. Kimelea cha malaria huingia katika seli nyekundu na kuila hemoglobini: huikata vipande vidogo viitwavyo peptidi, kisha huzivunja peptidi hizo kuwa asidi amino za kujengea protini zake chenyewe. Hemu inayobaki ni sumu kwake, basi huigandisha iwe fuwele isiyomdhuru mlaji.

Artemisinini, dawa iliyompatia Tu Youyou wa China Tuzo ya Nobel mwaka 2015, hukigeuza chakula hicho kuwa silaha. Chuma cha hemu huiamsha dawa, nayo huharibu protini za kimelea. Lakini hutoka mwilini kwa saa chache tu. Ndiyo maana katika dawa mseto imeunganishwa na lumefantrini, ambayo hukaa siku kadhaa ikimaliza mabaki. Mtu mzima humeza vidonge 4 mara mbili kwa siku, kwa siku 3: jumla 24, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo.

Anayekatiza dozi huviacha hai vimelea, na vinavyosalia huwa ni vile vigumu kufa. Hatari imeshafika kwetu: mwaka 2020 nchini Rwanda, na mwaka 2021 nchini Uganda, watafiti walitangaza vimelea vyenye mabadiliko katika protini iitwayo K13. Vimelea vya namna hiyo hula hemoglobini kidogo, hemu huwa haba, na dawa haiamki ipasavyo.

Mwili ni amana, na wa jirani yako ni amana pia. Mwenzako akiugua, mpeleke akapimwe, mchangie dozi yake kamili, kisha mkumbushe hadi kidonge cha 24. Hiyo ndiyo sadaka.